Kabula Kwenye Lambo la Masaki

Jumamosi, Mkuza, jioni. Masika imekatika wiki hii, na leo jua limewaka tangu asubuhi kama linafidia siku zote lilizojificha.

Nimerudi na tope hadi kiunoni. Nimeoga, nimekunywa chai, watoto wako kwa jirani wanaangalia katuni, na Baba Neema ameshaanza kukoroma kwenye kochi. Boti iko mezani mbele yangu. Kidole changu cha shahada kinauma, na nitaeleza kwa nini.

Kwa anayepita humu mara ya kwanza: mimi ni mama mtu mzima, mtumishi wa serikali, siku za kazi nashinda masijala nikitafuta mafaili ambayo kila mtu anaapa aliyarudisha. Mwisho wa wiki nashindanisha boti za rimoti. Ndiyo, boti. Ina urefu kama wa mkono wangu, chini ina mabawa mawili na uwazi katikati ili hewa ipite na kuinyanyua, na injini yake inaning'inia nyuma kwa nje, kama zile za boti za wavuvi, ila hii inatumia betri. Ofisini wananicheka. Wacheke tu, wao mwisho wa wiki wanafua mapazia.

Boti yangu inaitwa Kabula. Nimeliandika jina mwenyewe ubavuni, kwa rangi nyeupe.

Kabula ni jina la mama yangu. Kwetu Unyamwezini anapewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Mama alizaliwa mvua ikinyesha, na mwaka jana tukamzika Nzega mvua ikinyesha, barabara imekatika, watu wachache sana wamefika. Mimi nilihangaika na turubai na chakula cha wageni, sikupata hata nafasi ya kulia vizuri. Nilirudi Kibaha, nikaingia kazini Jumatatu. Miezi miwili baadaye nikanunua boti kwa mtu aliyekuwa anahama, na jina lilikuja lenyewe.

Sasa kuhusu hili dau nililowekeana na Mashaka.

Mashaka ni mtu wa Masaki, kule Kisarawe, tunajuana miaka mingi kabla ya mambo ya boti. Anauza korosho na ana pikipiki za kubebea abiria, na boti yake inaitwa Korosho, hana makuu. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Anayejua anajua: hao ni watani toka enzi za mababu. Mtani anakwambia lolote, anachukua kofia yako kichwani, anamwita mama yako mke wake mbele za watu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye matatizo. Mashaka ananiita mbeba mizigo. Mimi namwambia Wazaramo hata mvua ikinyesha shambani wao wanaulizia ngoma inalia wapi. Tunaelewana vizuri sana.

Alinishinda mara ya kwanza, akanishinda ya pili. Ile ya pili Kabula alipaa mzima mzima, akapiga chali katikati ya lambo, na Mashaka akapiga kelele kwamba boti gani hii, iitwe Kobe. Watu wakacheka. Na mimi mdomo wangu, jamani, huu mdomo wangu! Nikasema, "Ukinishinda tena, futa hilo jina, andika lako unalotaka."

Nimesema mwenyewe. Hakunilazimisha mtu.

 Tulipofika nyumbani Baba Neema akaniambia, "Mwambie Mashaka hilo ni jina la nani. Ataacha." Najua angeacha. Ndiyo sababu sikumwambia. Mtani akianza kukuonea huruma, utani umekwisha, na mimi sikutaka huruma, nilitaka boti inayokwenda.

Basi mwezi mzima nimekuwa mgonjwa wa hii boti. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: mzunguko wa kwanza pua inachimba maji, boti nzito, haina mbio. Wa pili inakwenda vizuri. Kuanzia wa tatu, kule kwenye dumu la mbali, inaanza kurukaruka kama chura, pua juu, pua chini, halafu inayumba kushoto na kulia, na nikikaza mafuta, ingawa ni betri sisi tunasema mafuta, inapaa na kupinduka.

Nilibadilisha kila kitu. Nilinunua propela nyingine, nikaisawazisha kwa kuitundika kwenye sindano ya kushonea hadi panga zake zote zikawa na uzito mmoja. Nikainua injini kwa kuweka washa, kile kiringi cha chuma cha kukalia nati, chini ya kishikio chake, ili sehemu ndogo zaidi ya chuma iburuzwe majini. Ikaongeza mbio, ugonjwa ukabaki. Nikapiga msasa kingo za mabawa hadi zikawa kali za kukata karatasi. Nikabadilisha ulalo wa injini: ukiilaza propela isukume kwa nje pua inanyanyuka, ukiiingiza kwa ndani pua inashikilia maji. Nikaiingiza ndani, ikawa salama na ikawa polepole kama bajaji ya mkaa. Nikasogeza betri mbele kidogo, nikasogeza tena, nikasogeza tena.

Na kila nikirudi nyumbani naianika kwanza, kisha naipima. Naiweka juu ya vidole viwili pale mezani, naangalia inalala upande gani. Kila mara mkia ni mwepesi, ikiegemea inaegemea pua. Nilianza kuamini kwamba nimerogwa, na siyo utani, kuna siku nilimwambia hata Baba Neema hivyo.

Jana ndiyo nikajua.

Jana nilitoka kazini mapema, nikaenda kuijaribu kwenye bwawa la samaki la jirani yetu hapa Mkuza. Ugonjwa ule ule. Nikairudisha nyumbani, nikaimwaga maji kama kawaida kwa kuiinamisha, nikaipandisha juu ya kabati kwa sababu meza ilikuwa na madaftari ya watoto. Nikaingia jikoni. Kumbe chini yake, kwenye kiti kilichoegemea kabati, Baba Neema ameweka suti yake ya kanisani, ameipiga pasi mwenyewe, mstari umesimama kama wa askari.

Nikasikia sauti kutoka sebuleni: "Mama Neema! Hii boti yako inakojoa!"

Nikatoka mbio. Kweli bwana. Tone, tone, tone, juu ya bega la koti. Nilitaka kucheka, ila uso wake ulinikataza. Nikaishusha boti, nikaiinamisha tena, hakuna kitu. Nikaiweka sawa, baada ya muda tone. Maji yanatoka wapi wakati nimeshayamwaga?

Halafu nikakumbuka godoro.

Boti za namna hii unatakiwa kuzijaza kitu tumboni ili zikipinduka zisizame. Mwenye kuniuzia aliniambia weka sponji. Mimi sponji ninayoijua ni ya godoro. Tulikuwa tumenunua godoro jipya, la zamani limechanika, nikalikata vipande, nikavishindilia mbele na nyuma kupitia kile kimlango kidogo, nikafunga kwa selotepu. Nilijiona fundi hasa. Sikujiuliza kwamba godoro la mtoto anayekojoa huwa tunalitoa nje asubuhi na linakaa juani hadi jioni ndipo likauke. Mama mzima mwenye watoto wawili! Nani anajua sponji ya godoro inavyokunywa maji kuliko mimi?

Nikabandua selotepu, nikavuta kile kipande cha nyuma, nikakikamua kwenye beseni. Maji yaliyotoka yangetosha kuoshea vyombo vya chai. Yalikuwa yanaingia kidogo kidogo kwenye tundu linapopita waya wa usukani. Mzunguko wa kwanza sponji kavu, na kwa sababu nilikuwa nimesogeza betri mbele mno, pua inachimba. Wa tatu sponji imeshiba, maji yote yamekimbilia nyuma, mkia mzito, pua inapanda, boti inaruka. Nikirudi nyumbani naianika pamoja na nguo hadi ikauke, ndipo naipima juu ya vidole, mkia mwepesi. Wiki zote nilikuwa namtibu mgonjwa baada ya homa kushuka.

Niliketi sakafuni. Nilikasirika, halafu nikafurahi, halafu nikakasirika tena.

Tumboni nikatoa sponji yote. Nikachukua chupa ndogo za maji, tupu, nikazikaza vifuniko, nikazilaza mbele na nyuma, hazinywi kitu hizo. Kwenye tundu la usukani nikavisha kipande cha puto la watoto na kukizungushia grisi. Betri nikairudisha nyuma hadi boti ikatulia juu ya vidole. Injini nikaiinua washa moja zaidi, maana sasa niliweza. Suti ya Baba Neema nikaipiga pasi upya bila kuambiwa.

Leo mchana Baba Neema akanipakia kwenye pikipiki yake, mimi nyuma nimeipakata boti kwenye kanga, tukapitia Kiluvya, Kisarawe, hadi Masaki. Lambo lile ni la Bi Mwajuma, shangazi yake Mashaka, mama wa miaka sitini na kitu ambaye amelima mihogo pande zote hadi inakaribia kuingia majini. Yeye ndiye anayeanzisha mashindano na yeye ndiye mwamuzi. Mwanzoni nilihofia atampendelea mtoto wa kaka yake. Lakini kuna siku Mashaka alianza kabla ya ishara, shangazi akamrudisha na kumtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika humu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunyang'anywa boti?"

Tukamsubiri aswali alasiri. Upepo ukawa umekufa, maji yametulia. Madumu mawili ya njano yanaelea, yamefungwa mawe chini, moja karibu na moja mbali. Mizunguko mitano. Mashaka alikuja na kimfuko cha plastiki, akakitikisa mbele yangu. Ndani kulikuwa na rangi ya kucha ya mke wake, nyekundu. Alikuwa amejiandaa kabisa, mshenzi yule.

Bi Mwajuma akaangusha kanga.

Korosho alitoka kwa kasi, akanitangulia hadi dumu la mbali. Mimi sikuharakisha. Nilikuwa nasikiliza. Kabula alikuwa analia sauti nyingine, nyembamba, na alivyokuwa anapita alikuwa hachimbi kitu. Pua imenyanyuka kidogo tu, hewa inapita chini, nyuma ni kama mkia peke yake unagusa maji.  Mzunguko wa pili nikamkuta. Mwanzo wa wa tatu nikampita, kwa nje, bila hata kuyumba, na Baba Neema ambaye huwa hapigi kelele akapiga kelele.

Halafu tukafika dumu la mbali, mzunguko wa tatu.

Nililegeza kidole.

Sikuamua kulegeza. Kilijilegeza chenyewe. Mwezi mzima mahali pale, kwenye mzunguko ule, boti inaruka na mimi naachia kidogo ili isipae, na kidole kimeshajifunza. Kabula hakuruka, hakuwa na sababu ya kuruka, alikuwa mzima kabisa. Ila nilipomnyima mafuta pua ikaanguka, akatulia majini kama bata, na Mashaka akapita kwa ndani akanirushia maji.

Nikakaza tena. Nilikaza hadi plastiki ya rimoti ikaniachia alama kwenye ngozi. Nilimfukuza mzunguko wa nne, nikamfukuza wa tano, kila sekunde ninamkaribia, na tulipokuwa tunarudi mara ya mwisho nilikuwa ubavuni mwake. Kama lambo lingekuwa refu zaidi kidogo. Lakini halikuwa.

"Korosho!" akasema Bi Mwajuma, na hakutabasamu. "Kwa pua tu. Lakini Korosho."

Hakuna mtu mwingine wa kulaumu. Siyo propela, siyo sponji. Nilisimama pale na rimoti mkononi nikajisikia vibaya kuliko nilivyotegemea, na nikawa nawaza upuuzi, kwamba mama nimempoteza mara ya pili na safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mashaka akaitoa boti yangu majini, akaifuta kwa shati lake, akachuchumaa, akafungua kile kichupa. "Haya mbeba mizigo," akasema, "kabla sijamfuta niambie, huyu Kabula ndiye nani?"

Nikafungua mdomo. Siku ile mdomo ulikuwa mwepesi, leo ukakataa. Baba Neema ndiye aliyejibu. "Ni mama yake. Tulimzika mwaka jana."

Mashaka akafunga kichupa. Akasimama. Nikajua sasa huruma inakuja, nikaanza kuichukia mapema. Kumbe alikuwa amekasirika, amekasirika kweli kweli.

"Mama yako amekufa," akasema, "na mimi mtani wako hukunipigia hata simu?"

Nikamwambia ilikuwa Nzega, mbali, barabara imekatika.

"Mbali! Nani alilala kaburini akakataa kutoka? Nani aliigiza marehemu? Mlimzika kimya kimya kama mwizi?"

Ni kweli alivyosema. Msibani kwetu mtani ana kazi yake. Anaingia wakati watu wamezidiwa na kilio, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anakera watu hadi wacheke. Kwa mama hakufika mtani hata mmoja. Tulifukia, mvua ikafukia zaidi, tukaondoka.

Mashaka akaiokota kanga ya shangazi yake, akajifunga kiunoni, nyingine, ile niliyobebea boti, akajitanda kichwani. "Alikuwa anatembeaje?"

"Mashaka, acha."

"Nakuuliza, alikuwa anatembeaje?"

Nikamwonyesha. Mguu wa kushoto anauburuza kidogo, mkono kiunoni, kidevu mbele. Akajaribu. Nikamwambia hapana, kidevu juu zaidi. Akajaribu tena, na safari hii nikamwona mama.

"Alikuwa anasemaje?"

"Hakuwa anasalimia," nikasema. "Alikuwa anauliza, mmekula?"

Weuwee. Mzaramo yule, na ndevu zake, na kanga yake ya maua, akaanza kuzunguka lambo la Masaki anaburuza mguu. "Mmekula? Nyie, mmekula?" Akamfuata Baba Neema: "Wewe mkwe, mbona umekonda, huyu mwanangu hapiki?" Akawafuata bata wa Bi Mwajuma: "Mmekula? Nani amewapikia?" Akalifuata dumu la njano akaliambia limenenepa, lipunguze ugali. Akamgeukia shangazi yake akamdai posa, eti Mashaka amwoe. Nilicheka hadi nikakaa kwenye tope. Nilicheka hadi nikashindwa kupumua, na sijui ni wapi kicheko kiligeuka, ila nilijikuta nalia kwa sauti, kilio kile cha msibani, mkono kichwani, mbele ya watu. Bi Mwajuma akaja akakaa na mimi kwenye tope lile lile na vazi lake la sala. Akaniambia pole. Mashaka hakuacha. Mtani haachi. Aliendelea kuuliza kama tumekula hadi nikamaliza.

Kisha nikajifuta uso, nikamwambia dau ni dau, aandike.

Akaniambia nigeuke. Nikageuka. Alichukua muda mrefu, na Baba Neema aliyekuwa anachungulia begani kwake akaanza kutikisika mabega. Nilipoangalia, jina la mama lilikuwepo palepale, jeupe, halijaguswa. Chini yake, kwa rangi ya kucha, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule akiwa na haraka, ameandika: MKE WA MZARAMO.

Mama angemchapa mwiko. Halafu angemuuliza kama amekula.

Baba Neema akamwendea Mashaka, akainama kwa heshima zote. "Shikamoo baba mkwe."

"Marahaba mwanangu," akasema Mashaka, na kanga bado iko kichwani.

Tulikula kwa Bi Mwajuma, mihogo ya nazi na samaki, kisha tukarudi.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Nimeshindwa mara ya tatu, na boti yangu ina maandishi ambayo Jumatatu sitamwonyesha mtu yeyote wa masijala. Nimefungua kimlango sasa hivi, tumboni pakavu kabisa, hata tone. Chupa zimekaa nilipozilaza. Boti haina tatizo lolote. Ni mimi ninayeshikia breki ugonjwa ambao umeshapona.

Kesho tukitoka ibadani naipeleka kwa jirani bwawani, na nitazunguka hadi kidole kielewe. Nikifika kule mbali sitaachia. Ikitaka kupinduka na ipinduke, itaelea.